Anaconda, Tremors au Sharknado: usiku wa baridi Arusha, uwashe ipi?

Kuanzia mwezi wa sita, baridi ya Meru ikishashuka mjini na watu wameacha kukaa nje, Jumamosi za Arusha zinahamia sebuleni. Mtu ana flashi iliyojaa muvi, ana sabufa, ana wageni watano au sita waliojifunika mashuka ya Kimasai, na kikao kimeshapitisha kwamba leo ni muvi ya dude: nyoka, papa, mamba, mnyoo, chochote chenye mdomo mkubwa kuliko akili. Mapenzi wameyakataa. Ngumi wameziona wiki nzima. Wanataka washtuke, wacheke, washtuke tena. Uwawekee ipi?

Nakwambia mapema upande niliokaa, ili usome mengine ukijua. Muvi ya dude inanoga pale walioitengeneza walipokuwa hawatanii. Mwigizaji atoke jasho, muongozaji awe ameamini kabisa kwamba tutaogopa, na dude lenyewe liwe kitu kilichokuwepo pale mbele ya kamera, cha mpira na chuma na rangi, ambacho mtu angeweza kukipiga teke. Kucheka ni kazi yetu sisi tuliokaa kwenye kochi. Muvi ikishaanza kujicheka yenyewe, sisi inatuachia nini?

Basi tuziweke ubavu kwa ubavu.

Anaconda (1997) na Sharknado (2013)

Hizi mbili ndizo zinazotajwa kwanza kila mara, na kwa juu juu zinafanana: mnyama aliyevimba kupita kiasi, watu wanaoliwa mmoja mmoja, kishindo cha mwisho, kwaheri. Ukizitazama siku moja, moja baada ya nyingine, unaona hazina undugu wowote.

Anaconda iliongozwa na Luis Llosa, Mperu. Kikosi cha wapiga picha kinapanda mashua kwenye mto Amazon kwenda kutafuta kabila lililojificha, njiani wanamwokoa mwindaji wa nyoka anayeitwa Serone, na kuanzia hapo safari si yao tena. Jennifer Lopez yumo, jina lake likiwa bado halijawa kubwa. Ice Cube yumo. Owen Wilson yumo. Serone ni Jon Voight, mtu mwenye Oscar yake nyumbani, na humu ndani anakunja uso, anabana jicho, anaongea lafudhi ambayo haijawahi kusikika Paraguay wala kwingineko. Hatanii hata sekunde moja, na ndiyo sababu hutoacha kumtazama.

Tuseme ukweli, hii si muvi ya bei rahisi. Iligharimu kama dola milioni 45 na ikaingiza zaidi ya milioni 130. Urahisi wake uko rohoni. Inaanza na maandishi yanayokuambia kwa sauti ya kitabu cha sayansi kwamba anaconda humtapika aliyemmeza ili apate raha ya kuua na kula tena. Nyoka hutapika, ni kweli, lakini kwa sababu ya kushtuliwa au kusumbuliwa akiwa ameshiba, wala si kwa uroho. Haidhuru. Maandishi yale yamewekwa pale kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe inafika mwishoni: Serone anamezwa mzima mzima, anatapikwa akiwa amejaa ute, na kabla hajakata roho anamkonyeza Jennifer Lopez. Nimeiona muvi hii na watu wa kila aina, na hapo hakuna anayebaki amekaa.

Kisha kuna maporomoko. Zamu moja mashua inaonekana ikirudi nyuma, na walichofanya ni kuuendesha mkanda kinyumenyume. Nyuma ya mashua kuna maporomoko ya maji, na maji yanapanda mlima. Katika kibanda umiza kimoja pale Ngarenaro, aliyeliona kwanza alikuwa chalii wa mlangoni aliyekuwa akikusanya hela. Aliingia ndani na chenji mkononi, akanyoosha kidole: "Oya, maji yanapanda!" Mwenye kibanda ikabidi arudishe nyuma, akarudisha tena, na kwa dakika nzima hakuna aliyejali tena nyoka yuko wapi.

Nyoka mwenyewe analia. Si kupuliza pumzi, ambayo ndiyo sauti kubwa anayoiweza nyoka; huyu anapiga ukelele. Ukiwa na mgeni aliyewahi kupelekwa Meserani na shule, kule kwenye bustani ya nyoka ya barabara ya Dodoma, atakukatalia papo hapo. Chatu wa Meserani amekaa kimya nyuma ya kioo, koboko kimya, kifutu ukimkera anapuliza, basi. Huyu wa Amazon ana koo la mwimbaji wa kwaya. Mwache mgeni abishe. Ubishi wake ni nusu ya starehe.

Na jambo moja ambalo vibandani linahesabiwa sana: Ice Cube hafi. Tumezoea muvi hizi mtu mweusi ndiye wa kuonjwa, na watu hubeti kabisa nani ataanza. Katika Deep Blue Sea, muvi ya papa ya mwaka 1999, Samuel L. Jackson anakatizwa katikati ya hotuba ya kuwatia wenzake moyo, ingawa katika muvi hiyo hiyo mpishi wa kituo cha utafiti cha baharini, LL Cool J, anatoka mzima. Anaconda inampa Ice Cube msimamo wa stelingi tangu mwanzo, na akitoka hai wale waliobeti vibaya wanalipa kwa furaha.

Sharknado nayo ilitengenezwa na kampuni ya The Asylum kwa ajili ya kituo cha televisheni cha Syfy, ikaoneshwa Julai 2013, ikiongozwa na Anthony C. Ferrante. Kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga Los Angeles. Hiyo ndiyo hadithi, imeisha. Ian Ziering ni Fin, mwenye baa na mchezea mawimbi, anayeamua kwamba dawa ya kimbunga ni kukitupia mabomu kutoka kwenye helikopta. Mwishoni papa anamshukia kutoka angani, naye badala ya kukimbia anaruka ndani ya mdomo na msumeno wa mnyororo, anajikata njia ya kutokea, na anatoka na msichana ambaye papa huyo huyo alishammeza mapema.

Siwezi kusema hizo dakika za mwisho hazifurahishi. Zinafurahisha. Lakini kufika huko unapita saa nzima ya mawingu kwenye kipande kimoja na jua kwenye kinachofuata, maji ya mtaani yanayofika gotini halafu kifundoni, na papa wa kompyuta wasio na uzito, wanaopita mbele ya watu bila hata kuwapa kivuli. Waigizaji wanaangalia mahali ambapo papa hayupo, na unawaona wanajua hayupo. Kila kosa limewekewa alama ya "tunajua". Sasa mimi nikilionesha kosa nimeonesha nini? Wameshanitangulia. Baada ya ile ya kwanza kupata jina, zikaja nyingine mpaka zikafika sita mwaka 2018. Ya tatu inapeleka papa anga za juu, ya sita inarudisha watu nyuma ya wakati. Kadiri zinavyozidi kuchekeshwa, ndivyo zinavyozidi kuchosha.

Ina faida zake. Haidai umakini. Kama nyama iko jikoni, watu wanaingia na kutoka, mmoja anapiga simu, mwingine anatafuta chaja, Sharknado inavumilia yote. Ukirudi baada ya dakika kumi hujapoteza kitu. Na watoto hawaiogopi hata kidogo, kwa sababu papa wake hata mtoto wa darasa la pili anaona ni wa uongo.

Kati ya hizi mbili, kwa sebule ya watu wazima, Anaconda bila kufikiri mara mbili.

Ila kutotania peke yake hakutoshi, na hapa lazima nijipinge kidogo. Birdemic, iliyotengenezwa na James Nguyen na kuingia sokoni mwaka 2010, iligharimu chini ya dola elfu kumi na mtu yule alikuwa na nia safi kabisa ya kutuhubiria mazingira. Ndege wake wanaelea hewani hawaendi popote, wakipiga mbawa kama feni mbovu. Inachekesha? Sana, pale ndege wanapofika. Lakini karibu nusu ya muvi ni kijana anaendesha gari, anaegesha, anaingia mgahawani, anatoka. Wageni wako watalala. Nia njema inahitaji na mtu anayejua kukata mkanda.

Tremors (1990)

Ndiyo maana nikiambiwa nichague moja tu, nachagua Tremors, na ninaichagua mbali na zote. Iliongozwa na Ron Underwood, Kevin Bacon na Fred Ward wakiwa mbele. Hapa mjini wengi hawaijui, na ukiwasimulia wanaguna. Minyoo mikubwa chini ya ardhi? Nyungunyungu? Ndiyo, nyungunyungu, wa mita tisa hivi, mdomo ukifunguka zinatoka ndimi tatu kama nyoka, kila moja na mdomo wake.

Val na Earl ni vibarua wa kijiji cha Perfection, jangwani Nevada. Wanajenga uzio, wanazoa uchafu, wananyonya mashimo ya vyoo. Wamechoka na wameamua kuhama leo leo. Njiani wanamwona mzee wa hapo kijijini, Edgar, amekaa juu ya mnara wa chuma wa nyaya za umeme, bunduki yake mkononi. Val anapanda kumshusha, anakuta ni maiti. Daktari anampima, anasema: kiu. Amekufa kwa kiu.

Lifikirie hilo. Mtu ana miguu mizima, ana bunduki, na amekubali kukauka juu ya chuma siku kadhaa kuliko kukanyaga chini. Dude halijaonekana bado, damu haijamwagika, na sebule yote imeshanyamaza.

Halafu kuna sheria. Dude la Tremors halitokei tu popote linapohitajika. Halioni, linasikia mtetemo wa ardhi. Ukikimbia, linakuja. Ukisimama tuli, linapita. Ukipanda jiwe au paa, uko salama mpaka upate njaa. Ni sheria ambayo mtoto anaweza kumweleza bibi yake, na muvi haiivunji hata mara moja. Kwa hiyo ikifika katikati, kila mtu sebuleni amekuwa mshauri: "Usikanyage!" "Ruka kwenye jiwe!" "Zima hiyo mashine!" Nimeona mtu mzima, dereva wa Noah ambaye mchana kutwa haogopi trafiki wala lori, akipandisha miguu yake miwili juu ya kochi taratibu na kuikalia, macho kwenye skrini. Hakuna aliyemcheka mpaka muvi ilipoisha.

Anaconda haina hilo. Nyoka wake anatokea pale mwandishi anapomhitaji: juu ya mti, chini ya maji, ndani ya jengo bovu, haraka, polepole, vyovyote. Sharknado ndiyo kabisa, haina sheria ya papa wala ya maji. Ukosefu wa sheria unakufanya uwe mtazamaji. Sheria inakufanya uwe mwanakijiji.

Na wanakijiji wa Perfection ni watu. Kuna mwenye duka, Walter Chang, ambaye akiona ulimi uliokatika wa dude anaununua pale pale, kisha anaanza kuwapiga watu picha nao kwa hela. Mfanyabiashara yeyote wa Arusha atamwelewa. Kuna mume na mke, Burt na Heather, waliochimba chumba chini ya nyumba wakingoja mwisho wa dunia. Dude linapasua ukuta na kuingia humo, kamera inageuka taratibu, na tunaona ukuta wa pili: bunduki kuanzia sakafuni mpaka darini. Heather ni Reba McEntire, mwimbaji mkubwa wa muziki wa country, na hapa ndipo alipoanzia kuigiza. Risasi zinazofuata ukiziwekea sabufa vizuri, jirani atagonga.

Madude yenyewe ni ya mkono. Kampuni iliyoyatengeneza, Amalgamated Dynamics ya Tom Woodruff na Alec Gillis, ndiyo kwanza ilikuwa inafungua milango. Mengine yalikuwa makubwa ya ukubwa wake, yakafukiwa udongoni huko Lone Pine, California, na kufukuliwa mbele ya kamera. Mengine madogo ya kuchezeshwa kwa mkono ndani ya jangwa la mfano. Vumbi linaloruka ni vumbi. Dude likifa, linanuka. Huhisi harufu, lakini unaona jinsi waigizaji wanavyobana pua na unaamini.

Kasoro? Nusu saa ya mwanzo inakwenda kwa mwendo wake, na mtu aliyezoea damu dakika ya pili ataanza kuchezea simu. Vifo navyo si vingi. Haikutikisa kwenye sinema pia: iligharimu kama dola milioni 10 na ushee, ikauza kama 16 huko Marekani. Kaseti za kukodi ndizo zilizoipa maisha, nyumba kwa nyumba, mtu akimwambia mwenzake. Huo ndio msingi wa muvi hizi kila mahali, na hapa kwetu ndivyo flashi zinavyofanya kazi.

Za mamba: Lake Placid (1999) na Primeval (2007)

Kwa haraka, maana hapa uamuzi ni mwepesi. Lake Placid ina mamba wa mita tisa ndani ya ziwa la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, kwenye baridi ambayo mamba halali hata usiku mmoja. Iliandikwa na David E. Kelley, mwandishi wa tamthilia za mahakamani, na inasikika hivyo: watu wanasutana kwa ufundi kuliko wanavyoogopa. Betty White ni bibi mjane anayemfuga yule mamba kwa siri. Anamfunga ng'ombe kitambaa machoni, anamswaga mpaka ukingoni, anarudi nyumbani.

Hapo ndipo utajua uko Arusha. Mzamiaji akikatwa nusu mwanzoni, watu wanaguna tu. Ng'ombe akifungwa macho, watu wanasimama. Baadaye ng'ombe ananing'inizwa kwenye helikopta awe chambo, na mzee mmoja wa Ngaramtoni aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni alifumbua macho akauliza huyo ng'ombe ni wa nani, na kama mwenyewe ameulizwa. Hakusinzia tena.

Primeval ingekuwa ndiyo yetu. Inamhusu Gustave, mamba mkubwa aliyesemwa sana Burundi, mto Ruzizi na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na huyo si wa kutunga. Matangazo yake Marekani yalimficha mamba kabisa, yakazungumzia muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote, na watu wakaingia sinema wakidhani ni binadamu. Muvi yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, na imechanganya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utani wa waandishi wa habari wa Kimarekani, mpaka hujui kama unatakiwa kulia au kula bisi. Aliyewahi kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu, kule chini ya Moshi, anajua mamba wa kweli hana haja ya vita ili atishe. Iache.

Wengine hunitajia simba wa Tsavo, kwa kuwa ukivuka Holili na kupita Taveta uko karibu na walipokuwa wakila vibarua wa reli mwaka 1898. Ile ya Val Kilmer na Michael Douglas ya 1996 ni nzuri, lakini si ya kundi hili. Ni ya hela nyingi na heshima zake, hata simba wakapewa manyoya ya shingoni ambayo wale wa kweli, waliokaushwa na kuwekwa Field Museum kule Chicago, hawakuwa nayo. Ya kundi letu ni Bwana Devil ya mwaka 1952, hadithi hiyo hiyo, iliyouzwa kwa miwani ya kufanya simba waonekane wanakurukia mapajani.

Ya Kiingereza au iliyotafsiriwa?

Tangu enzi za Lufufu kule Dar mpaka DJ Afro upande wa Kenya, tumezoea muvi yenye mtu wa tatu ndani yake, anayesimulia, anayeonya, anayewapa waigizaji majina mapya. Hili ni jambo la kuamua kabla hujabonyeza, na kwa muvi za dude linabadilisha kila kitu.

Anaconda iliyotafsiriwa ni bora kuliko ya Kiingereza. Serone anaongea kidogo na anakodoa sana, kwa hiyo mtafsiri ana nafasi ya kutosha. Katika nakala moja iliyozunguka hapa mjini, Serone amepewa sauti ya mganga aliyekuja kudai deni, na hadithi haikuharibika hata kidogo, ilinyooka. Muvi imekaza uso, mtafsiri anachekesha kutoka nje, viwili hivyo vinashikana vizuri.

Sharknado iliyotafsiriwa haifai. Ni mzaha juu ya mzaha. Mtafsiri anatania, muvi inatania, na katikati hakuna aliyebaki wa kuogopa papa.

Tremors itazame kwa Kiingereza chake hata kama wageni hawakijui vizuri. Val na Earl wanabishana muda wote, wanaamua kazi za hatari kwa mchezo wa mkono wa karatasi, mkasi na jiwe, na ubishi wa marafiki wawili hauhitaji mkalimani. Isitoshe, kuna vipande virefu vya ukimya ambapo kila mtu amesimama tuli asitetemeshe ardhi. Mtafsiri akizungumza hapo ameua muvi.

Nani yuko sebuleni, na umeme una hali gani

Kama wazazi au wakwe wapo, Tremors ndiyo salama kuliko zote: matusi machache, hakuna kitanda. Anaconda ina vijana wawili wanaojipenyeza porini usiku. Shika rimoti karibu. Lake Placid haina cha kuficha macho, ila mdomo wa yule bibi ni mchafu kweli, na mama mkwe aliyefundishwa Kiingereza na masista wa Kilema ataelewa kila neno. Piranha 3D ya mwaka 2010 usiiguse kabisa mbele ya mtu yeyote unayemwamkia shikamoo.

Wakiwepo machalii wa sekondari tu, wawekee Sharknado wamalize hamu, halafu Anaconda waone dude halisi likoje. Mchumba anayekuja kwako mara ya kwanza, Tremors. Ukimwekea Birdemic ataanza kukufikiria vibaya, na atakuwa na haki.

Umeme nao una neno. Lake Placid ni dakika 82, Sharknado 86, Anaconda 89, Tremors 96. Ukikatika na mkahamia kwenye laptop, betri ya kawaida inaimaliza Lake Placid. Tremors inategemea umri wa betri, na kuikatisha pale wamebaki juu ya jiwe na baruti za mwisho ni ukatili kwa wageni.

Wenye subira ya rangi nyeusi na nyeupe wana hazina nyingine. The Giant Claw ya mwaka 1957 ina ndege kutoka anga nyingine, na ndege mwenyewe ni kikaragosi cha tumbusi mwenye nywele za kuchomoza utosini. Chini yake waigizaji wamevaa suti na wanajadili hatima ya dunia bila hata tabasamu. The Killer Shrews ya 1959 imewavisha mbwa mazulia na meno ya bandia ili wawe panya-buku wa kisiwani, na mbwa wenyewe mikia inatikisika kwa furaha. Hizo ni za watu wawili watatu wanaopenda kweli, si za umati.

Za mwendelezo

Ziwe chache. Ya pili ya Anaconda, ya mwaka 2004, imehamia Borneo, bara jingine kabisa na wanakoishi anaconda, lakini ina nyani mmoja mwenye akili kuliko watafiti wote na inatazamika. Ya tatu, ya 2008, ina David Hasselhoff na misitu ya Romania, ruka. Tremors zimefika saba, ya tano ikiwaleta minyoo Afrika Kusini mwaka 2015, na kumwona Burt Gummer akibishana na maafisa wa huko inatosha kuihalalisha. Lake Placid nayo ilizaa mpaka mwaka 2015 wakampambanisha mamba wake na anaconda katika muvi moja ya televisheni. Nimeiona hadi mwisho. Wote wawili ni wa kompyuta, na kila wakikaribia kushikana, kamera inawakimbilia wasichana wa chuo. Kama imejaza nafasi kwenye flashi yako, ifute uweke Tremors ya pili, ya mwaka 1996: minyoo inazaa viumbe wenye miguu, visivyosikia chochote, vinavyofuata joto la mwili, kwa hiyo sheria zote mlizozizoea mnaanza kuzitafuta upya.